Laurie alipona kisu, hakupona usiku ule

Ukitaja slasha hapa kwetu, wengi wanakumbuka nyasi za shule na adhabu ya Ijumaa. Mpenzi wa filamu za kutisha anaelewa kingine: muuaji aliyeficha uso, kisu mkononi, na kikundi cha vijana kinachopungua mmoja baada ya mwingine. Filamu za aina hii ni tele, na nyingi, tuseme ukweli, ni takataka. Leo tunaitetea moja.

Halloween ya 2018, iliyoongozwa na David Gordon Green, inarudi kwa ile ya John Carpenter ya mwaka 1978 na kufanya ujeuri fulani. Inafuta filamu zote zilizotoka katikati. Hata ile habari kwamba muuaji Michael Myers ni kakake Laurie Strode, iliyoletwa na filamu ya pili mwaka 1981, inatupwa nje. Kijana mmoja anaitaja, na mjukuu wa Laurie anamjibu kwamba hizo ni stori watu walijitungia ili wajisikie vizuri.

Uamuzi huo ulikuwa sawa kabisa. Kinachotisha katika ile ya kwanza ni kwamba Michael hana sababu. Laurie ni msichana wa shule tu katika mji wa Haddonfield, aliyeachiwa watoto wa majirani awaangalie usiku. Hakumkosea mtu. Ukishasema ni dadake, mtazamaji anapumua: kumbe ni mambo ya kwao, mimi simo.

Carpenter alikuwa na pesa kidogo, kama dola 300,000 hivi. Kinyago cha Michael kilinunuliwa dukani, sura ya Captain Kirk wa Star Trek, kikapakwa rangi nyeupe. Muziki alitunga mwenyewe. Na damu ni kidogo kuliko unavyokumbuka. Mtu anasimama tu ng'ambo ya barabara, na moyo wako unaenda mbio.

Green anajua hayo yote na anayageuza. Mwaka 1978 Laurie alitazama nje ya dirisha la darasa akamwona Michael. Safari hii mjukuu wake, Allyson, ndiye yuko darasani, na aliyesimama nje ni nyanya. Baadaye Laurie anaanguka kutoka ghorofani, Michael anatazama tena chini, hayupo. Zamani aliyetoweka hivyo alikuwa Michael. Noma sana, lakini pia inauma.

Inauma kwa sababu ya maisha aliyoishi. Jamie Lee Curtis, ambaye ile ya 1978 ndiyo iliyokuwa filamu yake ya kwanza, anarudi na mvi. Laurie wake ameachika mara mbili, anakunywa, na nyumba yake imejaa bunduki. Bintiye, Karen, alichukuliwa akiwa mtoto akalelewa kwingine. Kila mtu anamwambia yamepita, sahau. Wanahabari wawili wa podikasti wanatoka Uingereza hadi kwake, lakini wanachotaka hasa ni kumsikia muuaji akizungumza.

Je, sisi tuna tofauti gani nao? Rafiki akivamiwa, au binamu akipitia jambo baya, tunamhurumia wiki mbili. Ya tatu tunamwambia asonge mbele. Ya nne tunamwita drama. Jina la aliyemtenda tunalijua vizuri, tena tunalitaja kila siku. Laurie alisubiri miaka 40 mtu amwamini, na waliomwamini walimwamini kisu kikiwa tayari mlangoni.

Filamu yenyewe ina kasoro. Kile kituko cha daktari wa Michael hakishawishi hata kidogo, na baadhi ya vijana wanaletwa ili wachinjwe tu. Kisha ikaingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani, na pesa ikasema tuendelee. Halloween Kills ya 2021 ikamlaza Laurie hospitalini karibu filamu nzima. Halloween Ends ya 2022 ikamwachia kijana mgeni, Corey, nafasi kubwa ambayo ingekuwa ya Laurie. Mwanamke aliyerudishwa baada ya miaka yote hiyo akasukumwa pembeni tena, na safari hii si na Michael.

Kwa hivyo tazama mbili tu. Ya 1978 usiku, taa zikiwa zimezimwa, na ya 2018 kesho yake. Wadogo zako wakiwa wamelala, tafadhali.