Hukumu Ina Mwenyewe

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, njia tunayopita sisi wa Kihonda kwenda mjini, likawaka moto. Waliokufa walizidi 100. Maziko hayajakamilika, tayari walikuwapo Wakristo waliokwisha kukata kesi: walikwenda kuiba petroli, Mungu amewalipa.

Hilo tunalikataa, na tunalikataa kwa sababu tunaiamini hukumu. Kila Jumapili tunasimama na kukiri kwamba Kristo atarudi kuwahukumu walio hai na wafu. Atarudi yeye. Hakutuachia kiti chake tukikalie mpaka afike. Alipoletewa habari za watu waliouawa, mwenyewe alitaja mnara wa Siloamu ulioua watu 18, akakana kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko jirani zao. Kisha akawadai toba wale waliobaki hai (Luka 13).

Tena, ni mungu gani huyo anayemchoma kijana kwa kidumu cha petroli, halafu mla fedha za umma kwa kalamu akamwacha afe kitandani kwa amani, azikwe na wachungaji watatu na kwaya mbili? Huyo simjui katika Biblia. Hesabu za dunia hii hazijafungwa bado. Ndiyo maana tunamngoja Bwana.

Miongoni mwa waliozikwa Kola wamo ambao hawakutambulika hata kwa ndugu zao, zikachukuliwa sampuli za vinasaba. Mwamuzi anayekuja anawajua kwa majina.