Ugonjwa Ukiingia, Vijana wa Chuo Wacheze Mpira?



Leo tuzungumze juu ya mpira na maradhi. Swali letu ni hili. Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia nchini, je, vijana wa vyuo waendelee kucheza mpira? Au mpira usimame mpaka ugonjwa uishe?

Usiseme hilo ni swali la watu wa Dar es Salaam. Vyuo viko hapa kwetu Katavi. Kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Msaginya. Kuna Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huko Mpimbwe. Wanaosoma katika vyuo ni watoto wetu. Jioni wanacheza mpira. Siku hizi hata wasichana wanacheza, maana vyuo vya maendeleo ya wananchi vina mpango wao wa mpira wa wanawake uitwao Mpira Fursa. Chuo kikifunga, watoto hawa wanarudi nyumbani. Wanalala nyumba moja na babu na bibi. Wanakula sahani moja na wadogo zao. Hapo ndipo mpira wa chuo unapoingia nyumbani kwako.

Hebu tukumbuke mwaka 2020. Machi 16 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Tanzania. Kesho yake, Machi 17, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufunga shule na kusimamisha michezo kwa siku 30. Machi 18 vyuo navyo vikafungwa. Mpira ukasimama, kuanzia Ligi Kuu mpaka michezo ya shule. Siku 30 zikaongezwa. Juni 1 vyuo vikafunguliwa na michezo ikaruhusiwa. Juni 13 Ligi Kuu ikaanza tena.

Majirani zetu waliamua kila mmoja kivyake. Kenya walikatisha ligi yao, na Gor Mahia wakapewa ubingwa. Burundi waliendelea kucheza mpaka Aprili, wakati karibu dunia yote imesimama. Kwa hiyo usishangae kama katika kijiji chako watu walibishana. Hata serikali za nchi hazikuwa na jibu moja.

Wazazi wengi wanasema: mpira ni mchezo tu, uhai ni uhai. Mtoto akikosa mpira miezi mitatu hafi. Maneno hayo ni ya kweli.

Vijana nao wana maneno yao. Wanasema: ugonjwa huu unaua zaidi wazee, sisi tuna nguvu. Hapo wamekosea. Kijana anaweza kubeba korona bila hata kukohoa, akampelekea bibi yake. Lakini wanasema jambo jingine pia, na hilo lina uzito. Wanasema: mkitufungia uwanja, mnatupeleka wapi? Kijana wa miaka 20 hakai ndani siku nzima. Akikosa mpira atakwenda kwenye pombe, kwenye kamari, au kwenye kibanda cha video. Na msichana aliyerudishwa nyumbani kabla ya wakati hukutana na hatari nyingine ambazo kila mzazi anazijua. Mzazi anayesema mpira si kitu, afikirie hilo kwanza.

Sasa tuache ubishi kidogo. Tutazame ugonjwa wenyewe unavyotembea.

Korona hutembea kwa pumzi. Mgonjwa akipumua, akisema, akipiga kelele au akikohoa, hutoa chembe ndogo sana zisizoonekana. Mwenzake akizivuta anaambukizwa. Ndani ya chumba kilichofungwa chembe hizo hukaa hewani muda mrefu, kama moshi wa jiko katika nyumba isiyo na dirisha. Nje, upepo huzichukua na kuzitawanya. Basi tazama uwanja wa mpira. Wachezaji ni 22, uwanja ni mpana, upepo unapita. Wanakaribiana kwa muda mfupi, kisha wanaachana. Hatari ipo, lakini si kubwa.

Sasa tazama mambo yanayouzunguka mpira. Timu inakwenda kucheza chuo kingine. Vijana 40 wanapanda lori moja, wamebanana, wanaimba njia nzima. Wakifika wanalazwa katika darasa moja, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu. Wakati wa mapumziko kikombe kimoja cha maji kinapita midomo 15. Watazamaji wamesimama bega kwa bega kwenye mstari, wanapiga kelele. Usiku wote wanajazana kibandani kutazama mechi ya Ulaya. Mpira wenyewe ulikuwa dakika 90. Hayo mengine ni siku mbili.

Maoni yangu, basi, ni haya. Tunabishana juu ya uwanja, na ugonjwa umepanda lori.

Tuchukue mfano wa mbali kidogo. Huko Italia kuna mji uitwao Bergamo. Timu yao ni Atalanta. Februari 19, 2020 timu hiyo ilicheza na Valencia ya Hispania. Mechi haikuchezwa Bergamo. Ilichezwa mji mkubwa wa Milan. Watu zaidi ya 40,000 walikuwapo, wengi wao wametoka Bergamo kwa mabasi, treni na magari. Atalanta wakashinda 4-1. Kila bao, watu wakakumbatiana. Wakati huo watu hawakujua kwamba korona imekwisha kuingia kwao. Mwezi mmoja baadaye Bergamo walikuwa na maiti wengi hata malori ya jeshi yakaitwa kubeba majeneza. Madaktari wa huko walisema mechi ile ilikuwa mojawapo ya sababu. Hawakusema ni sababu pekee. Lakini utaona kwamba wachezaji walikuwa wachache tu. Waliosafiri, waliokumbatiana na kurudi nyumbani kwa wazee wao walikuwa maelfu.

Sisi nasi tulikuwa na mechi yetu. Agosti 2, 2020 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa kwa jirani zetu Sumbawanga, katika uwanja wa Nelson Mandela. Simba waliwafunga Namungo 2-1. Ilikuwa furaha kubwa kwa watu wa pande hizi, maana fainali kama hiyo haiji kila mwaka. Mtu akikuambia, "Mbona tulikwenda Sumbawanga na hatukufa?" mwulize nani alihesabu. Tangu Mei mwaka ule idadi ya wagonjwa ilikuwa haitangazwi tena. Ugonjwa usiohesabiwa si ushahidi kwamba haukuwapo. Mwaka uliofuata, Julai 25, 2021, fainali ilikuwa Kigoma, Simba wakawafunga Yanga 1-0. Siku tatu tu baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo ya korona, kwa sababu ugonjwa ulikuwa bado unaua watu.

Wengine watasema, Marekani walicheza. Kweli, vyuo vya Marekani vina mpira wao, ule wa kubeba mkononi, na mwaka 2020 walibishana sana. Agosti 11 umoja mmoja wa vyuo vikubwa, uitwao Big Ten, ulisimamisha mchezo. Vyuo vya kusini vikaendelea. Mwezi uliofuata wale wa Big Ten wakabadili mawazo, wakaanza kucheza Oktoba. Lakini sikiliza masharti yao. Wachezaji walipimwa kila siku. Tena hata hivyo mechi nyingi zilivunjika kwa sababu ya wagonjwa. Ohio State na Michigan ni watani kama Simba na Yanga. Walikuwa wakicheza kila mwaka tangu 1918. Mwaka 2020 hawakucheza, kwa sababu Michigan walikuwa na ugonjwa kambini.

Tusiige bila kufikiri. Wao walikuwa na vipimo vya kila siku. Wana pia fedha nyingi za televisheni, na fedha hizo ndizo zilizowasukuma kucheza kuliko walivyopenda kukubali. Hapa kwetu timu inashindania mbuzi. Mbuzi anaweza kungoja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ugonjwa wa pumzi ukiingia, mimi nasema hivi. Vijana wa chuo wacheze, lakini wacheze wao kwa wao, ndani ya chuo chao. Tayari wanalala bweni moja na kula pamoja. Kucheza pamoja jioni hakuwaongezei hatari kubwa. Mashindano ya chuo na chuo, au kijiji na kijiji, yasimame. Lori lisiondoke. Watazamaji wasiitwe. Kila mchezaji awe na chupa yake ya maji. Anayekohoa au mwenye homa abaki kitandani na mwalimu ajulishwe.

Na huyo aliyeugua asirudishwe uwanjani mapema. Jambo hili watu hawalijui sana. Korona inaweza kuuvimbisha msuli wa moyo. Haiwapati wengi, lakini kwa mchezaji ni hatari, kwa kuwa moyo ulioumia unalazimishwa kukimbia. Kijana akishapona homa apumzike kwanza, kisha aanze polepole, kwa kutembea na kukimbia kidogo. Akisikia maumivu ya kifua, akizimia, akikosa pumzi kuliko kawaida, au moyo ukidunda ovyo, aache mara moja aende zahanati. Nahodha asimwite mvivu.

Lakini hayo niliyosema ni ya ugonjwa wa pumzi. Si kila ugonjwa unafuata sheria hiyo. Ukiingia ugonjwa mwingine, shauri linabadilika.

Kipindupindu hakiendi kwa pumzi. Kinakwenda kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Mwaka 1977 kilianzia Rufiji kikasambaa mikoa mingi. Wakati wa kipindupindu mchezo wenyewe hauna neno. Uliza choo cha uwanjani kiko wapi. Uliza maji ya kunywa yamechemshwa au yametiwa dawa. Uliza nani anauza matunda yaliyokatwa, na mikono ameinawia wapi. Kama hakuna choo wala maji salama, watu 500 wasikusanywe hapo.

Ebola na Marburg ni jambo jingine kabisa. Hizo huambukiza kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa. Marburg ilitokea Kagera mwaka 2023, watu 6 wakafa kati ya 9 waliougua. Ikarudi Kagera Januari 2025. Sisi wa Katavi tunatazamana na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na boti zinatia nanga Karema. Kongo imepata Ebola mara nyingi. Ugonjwa kama huo ukitangazwa katika wilaya yetu, mpira usimame wote, hata ule wa wao kwa wao, maana wachezaji hugusana jasho na damu. Mwaka 2014 Morocco ilikataa kuwa mwenyeji wa Kombe la Afrika kwa hofu ya Ebola, na mashindano ya 2015 yakahamishiwa Guinea ya Ikweta. Wako waliowacheka. Mimi siwacheki.

Basi kazi ya kwanza ya serikali ya kijiji na walimu ni kumwuliza bwana afya: huu ni ugonjwa wa njia gani? Kisha ndipo waamue juu ya mpira. Wakiamua kabla ya kuuliza, watafunga kisichohitaji kufungwa na kuacha wazi mlango wenyewe.

Na hapa nina ugomvi kidogo na sisi watu wazima. Saa kumi jioni tunawafukuza vijana uwanjani, penye upepo. Saa kumi na mbili sisi wenyewe tumejazana kilabuni, kopo moja la komoni linazunguka watu sita. Mnada wa ng'ombe hatuufungi. Kibanda cha video hatukifungi, kwa sababu mwenye kibanda analipa ushuru. Mpira wa vijana haulipi ushuru, kwa hiyo ndio unaofungwa wa kwanza. Vijana wanaona. Wakiona hivyo hawatatusikiliza hata tunapowaambia jambo la kweli.

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Uwanja umefunguliwa, lori linatembea, kikombe kinazunguka. Huu ndio wakati mzuri wa kukubaliana, kabla ugonjwa mwingine haujafika na watu kuingiwa na hofu. Katika mkutano wa kijiji unaokuja, mwombe mwenyekiti aliweke jambo hili katika ajenda. Waiteni vijana wa timu, wavulana na wasichana, nao waseme. Ulizeni nani atanunua sabuni na ndoo za uwanjani. Ulizeni lori la timu litabeba watu wangapi. Mtendaji ayaandike majibu, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kijiji na za chuo, ili kila anayejua kusoma ayasome.