Acheni Hadithi ya Masikio ya Sungura

Nimechoka. Kila Gloria Steinem akitajwa, lazima mtu alete ile ya 1963: mwandishi mrembo aliyejifanya mhudumu katika klabu ya Playboy jijini New York, akavaa masikio ya sungura, kisha akaanika kwenye jarida la Show malipo duni na vipimo vya hospitali walivyolazimishiwa wasichana wale. Kazi safi, sikatai. Lakini kwani mtu akiandika miaka zaidi ya sitini, tunakumbuka alichovaa tu?

Mimi naangalia meza yake ya uhariri. Mwaka 1972 yeye na wenzake walianzisha Ms. Nakala 300,000 za toleo la majaribio ziliisha kwa siku nane. Ndani yake wanawake 53 walitia majina yao wakisema wamewahi kutoa mimba, wakati sheria za majimbo mengi ya Marekani bado zilikataza. Jarida halikuwa la malaika: Alice Walker alijiuzulu 1986, akilalamika kwamba watu weusi hawaonekani vya kutosha.

Halafu pesa. Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Katika makala yake ya 1990 kuhusu matangazo, Steinem alieleza jinsi Ms. ilivyoweka kwenye jalada wanawake waliofukuzwa Urusi ya Kisovieti. Habari ile ilishinda tuzo. Revlon wakanyima jarida matangazo. Sababu? Wanawake wa jaladani hawakuwa wamejipodoa! Waliouza vyakula walitaka mapishi, waliouza shampuu walitaka makala ya nywele. Mwaka huohuo Ms. ikarudi bila tangazo hata moja, chini ya Robin Morgan, na wasomaji wakailipia wenyewe.

Sasa mtaniambia hayo ni ya Wazungu, ya zamani. Eti? Hapa Nairobi mhariri mmoja aliniomba nitoe aya kuhusu zebaki kwenye krimu za kung'arisha ngozi, kwa upole kabisa, "si unajua nani anatushika mkono." Makala yenyewe ilikuwa ya kumsifu mwanamke anayejipenda. Nilikataa, haikutoka, na kodi ya nyumba mwezi huo nilikopa.

Kwa hivyo msinitumie tena ile picha ya masikio kila Machi 8. Nitumieni makala ya 1990. Na mkipata ukurasa wa wanawake unaoomba shilingi mia moja kwa mwezi, kabla ya kulalamika kwamba intaneti ni ya bure, ulizeni mhariri wake analipwa na nani.