Mhunzi Naye Amebatizwa

Juni 1977 Walutheri wa dunia nzima walikutana Dar es Salaam katika Mkutano Mkuu wa Sita wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Walimchagua Askofu Josiah Kibira kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mkutano huo huo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini si jambo la siasa tu, ambalo Wakristo wanaweza kutofautiana juu yake kisha wakaendelea kama kawaida. Ni suala la ungamo la imani. Mwaka 1984, huko Budapest, makanisa mawili ya wazungu wa kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa sababu hiyo.

Tunapowasimulia wanafunzi wa kipaimara habari hii, wanafurahi. Sisi nasi tunafurahi, maana hukumu ile ilimwangukia mtu wa mbali. Lakini hapa kwetu Balangdalalu kuna binti aliyebatizwa katika kisima kile kile cha ubatizo tulichobatiziwa sisi, akapata kipaimara siku moja na watoto wetu, na hakuna nyumba ya Mdatoga asiye mhunzi itakayompokea kuwa mke. Kosa lake ni kwamba baba yake anafua chuma.

Wapendwa, tunasema juu ya Gidang'odiga, wahunzi wa Kidatoga. Kila mtu anawajua. Mkuki wa mchungaji wa ng'ombe umetoka mkononi mwao. Bangili za shaba wanazovaa mama zetu, wao ndio walioyeyusha kufuli mbovu wakazitengeneza. Wahadzabe wa Bonde la Eyasi hupata kwao vichwa vya mishale. Tunakwenda kwenye mvukuto wao, tunapatana bei, tunachukua kitu na kuondoka. Ikifika habari ya posa, ghafla mtu yule yule ana mkosi, na damu yake haifai kuchanganywa na yetu. Wamaasai nao wanawafanyia hivyo hivyo wahunzi wao, Ilkunono. Kwa hiyo asije mtu akasema hili ni la Wabarbaig peke yao. Na Mwiraqw anayesoma hapa huku akitikisa kichwa kwa kuwahurumia Wadatoga, ajiulize kwanza kama yeye angempa mhunzi binti yake.

Watu wanasema: si umaskini, ni mila tu, wahunzi wana kazi yao na wanakula. Hapana. Katika nchi ya wafugaji ng'ombe hawaongezeki zizini peke yake. Wanatembea. Wanatembea kwa mahari, kwa kukopeshana, kwa shemeji kumwachia shemeji ndama wakati wa ukame. Mtu ambaye ndoa zake zimefungiwa ndani ya ukoo mmoja mdogo hana shemeji wa mbali, na mwaka ng'ombe wake wakifa hana mlango wa kubisha. Siku hizi, tena, panga na jembe la dukani vimeshusha bei ya kazi yake. Tumemzuia asiingie katika undugu ambao ndiyo benki ya mfugaji, halafu tunashangaa kwa nini watoto wake wanakuja kanisani bila viatu, na mwezi wa Desemba tunawapelekea nguo za mitumba tukiita ni diakonia!

Wengine wanasema ni wao wenyewe wanaotaka kuoana kwao kwa kwao. Tumewauliza? Mtu aliyekataliwa tangu enzi za babu yake hujifunza kusema hataki.

Jambo linalotuumiza zaidi ni kwamba watu wa Hanang wanajua dharau ina ladha gani. Mdatoga ameitwa Mang'ati mpaka jina hilo limeingia katika vinywa vya maofisa, na maana yake ni adui, neno la Wamaasai. Kule Basotu, shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada lilichukua maelfu kwa maelfu ya ekari za malisho kwa ajili ya ngano, na makaburi ya wazee yakapitiwa na trekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walipokwenda mahakamani, Mahakama ya Rufani iliwakatalia, na moja ya sababu ilikuwa kwamba hawakuthibitisha kuwa wote ni wenyeji kwa maana ya sheria. Wenyeji kuambiwa wathibitishe uenyeji! Tulilia sote. Na jioni, yule yule aliyetoka kulia alirudi nyumbani akamwambia mwanawe kwamba kwa mhunzi hapaolewi wala hapaoi.

Kanisa letu nalo lina historia katika hili, na si nzuri. Wamisionari wa Kilutheri walifika Tranquebar, kusini mwa India, mwaka 1706. Walihubiri vizuri, wakatafsiri Maandiko, lakini ndani ya kanisa waliacha watu wakae kwa matabaka yao ya kuzaliwa, wale walioitwa wasiogusika wakiwa mbali na wenzao. Baadaye Misioni ya Leipzig, ambayo sisi wa kaskazini tunaiheshimu kwa sababu ilifika Kilimanjaro mwaka 1893, ilitetea uvumilivu huo huko India: tabaka ni desturi ya jamii, tusiiguse, Injili itaiondoa polepole. Imekwenda polepole kweli. Hadi leo Wadalit Wakristo wa India wanalalamika kwamba wanatengwa na Wakristo wenzao, katika maeneo mengine hata makaburini.

Hoja ya Leipzig ndiyo hoja yetu. Tumeitumia sisi wachungaji, na hapa hatuna budi kuungama. Miaka michache iliyopita kijana mmoja, si mhunzi, alileta jina lake na la binti wa mhunzi ili ndoa itangazwe. Jumapili ya kwanza tukatangaza. Usiku wa Jumanne wazee wakaja nyumbani kwetu, watu wazuri, watoaji wazuri, wakasema, "Baba Mchungaji, hatukatai, lakini ukoo utagawanyika. Tuwape muda." Tukawapa muda. Jumapili ya pili hatukutangaza, wala ya tatu. Wale watoto wakaenda kufunga ndoa bomani, wakahamia mbali, na tangu hapo hatujawaona kwenye Meza ya Bwana.

Petro alipojitenga na meza ya watu wa mataifa kule Antiokia, Paulo hakumpa muda. Alimpinga mbele ya watu wote, kwa sababu aliona kwamba Injili yenyewe iko hatarini. Na Luther, ambaye baba yake aliishi kwa kuyeyusha shaba huko Mansfeld, alipowaandikia wakuu wa Ujerumani mwaka 1520 kwamba kila aliyebatizwa ni kuhani, mifano aliyoitoa ilikuwa fundi viatu, mhunzi na mkulima. Mhunzi! Tumesoma kitabu hicho chuoni, tukajibu mtihani, tukapata alama.

Tunaloomba kwa baraza la wazee si kubwa. Pingamizi la ndoa lisiloandikika katika kitabu cha usharika lisipokelewe usiku sebuleni. Anayeona damu ya mhunzi ni kizuizi, asimame Jumapili baada ya tangazo, aseme hivyo mbele ya kisima cha ubatizo, na jina lake liandikwe. Na mzee wa kanisa anayefundisha jambo hili nyumbani kwake asigawe kikombe mpaka tumezungumza naye.

Wale vijana wawili tumewaandikia barua ya kuomba radhi. Tuliipeleka kwa mkono wa dereva wa basi mwezi wa tatu. Hawajajibu.