Maumivu ya Tumbo la Mja Mzito Yasipuuzwe

Mama mja mzito akilalamikia tumbo katika kijiji cha Raila, Kibera, hakosi washauri. Jirani humwambia mtoto anacheza, mwingine humchemshia tangawizi, na mwenye duka la dawa humuuzia vidonge vya kutuliza maumivu. Mashauri hayo hutolewa kwa nia njema, lakini yaweza kuua.

Kidole tumbo ni kijifuko chembamba kilichoshikana na utumbo mpana, upande wa kulia. Kuvimba kwake huhitaji upasuaji wa haraka, na humpata takriban mja mzito mmoja kati ya 1,500. Taabu ni kwamba dalili zake, kama vile kichefuchefu, kutapika na kukosa hamu ya chakula, hufanana na zile za mimba. Kikipasuka, usaha humwagika tumboni na hatari ya kumpoteza mtoto huongezeka mara kadhaa.

Wengi huogopa kisu wakidhani kitamwua mtoto. Ukweli ni kwamba kuchelewa ndiko kunakoua zaidi. Picha ya altrasaundi haina miale ya kumdhuru mtoto, na akina mama wengi waliopasuliwa mapema wamejifungua salama.

Lakini kazi haiishii hapo. Takriban kidole tumbo kimoja kati ya 100 vinavyoondolewa hupatikana na uvimbe, pengine wa saratani. Aghalabu haujulikani mpaka kipimwe katika maabara. Ukiwa mdogo, usiofika sentimita 1, kwa kawaida kuondoa kidole tumbo hutosha, na mama huendelea kulea mimba yake. Ukizidi sentimita 2, huenda akahitaji upasuaji mwingine mkubwa zaidi. Hapo daktari wa upasuaji, wa saratani na wa uzazi hawana budi kuketi pamoja, waamue kulingana na umri wa mimba kama watapasua mara moja au watangoja ajifungue.

Basi familia inayoishi kwa kibarua ikiambiwa itoe ada ya maabara baada ya kulipia upasuaji, itafanya nini? Itanunua unga, na ugonjwa utabaki umejificha. Kwa maoni yangu, ada hiyo yafaa iwe ndani ya gharama ya upasuaji, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, iilipie bila masharti.

Nawe mama, maumivu yasipokoma, hasa upande wa kulia, yakiandamana na homa au kutapika, usimeze vidonge ukalala. Kutoka Raila hadi Mbagathi au Hospitali Kuu ya Kenyatta si mbali. Na ukishapasuliwa, uliza: kidole tumbo changu kimepelekwa maabara? Majibu yako wapi?

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayeficha maumivu ya tumbo naye huenda asimwone mwanawe.