ASIYEPATA AANDIKE: "SIKUPATA"



Siku moja, nyuma ya mazoezi ya kwaya, vijana watatu walibaki kwenye baraza ya kanisa, wameinama juu ya telefone moja. Niliwafikia polepole. Munajua ninyi wenyewe: vijana watatu na telefone moja, muchungaji anapaswa kujua kuna nini. Mumoja wao anafanya kazi ya kuwasaidia watu wa jeolojia, yeye njo anabeba masini ya GPS porini. Akaniambia:

– Pasta, angalia. Kuko batu ku Amerika na ku Ulaya, banatafuta visanduku mu pori na GPS.

– Visanduku vya nini? Vya shaba?

– Hapana, Pasta. Bakopo ya plastiki tu.

– Na ndani muko nini?

– Kaye na biki. Mara ingine kitu ya kuchezea ya batoto.

– Sasa banatembea pori muzima juu ya kaye?

– Njo vile, Pasta. Banafungua, banaandika jina, banarudisha pahali ilikuwa, banaenda kwabo.

Tulicheka sana. Kwetu hapa, mutu akiingia porini kutafuta kitu, anatafuta malakiti, na hakuna mutu anayemuuliza sababu. Lakini usiku ule neno lile halikuniacha. Nikatafuta kujua zaidi, na leo ninataka tuzungumze juu yake, maana nimeona ndani yake somo kwa nyumba nyingi za kwetu.

MUCHEZO ULIANZA NAMNA GANI?

GPS ni kazi ya serikali ya Marekani. Satelite zinazunguka dunia kwa urefu wa kilometa 20.200 hivi, kila moja inazunguka mara mbili kwa siku. Masini ya mukononi inasikia sauti ya satelite ine ao zaidi, inapima wakati sauti ile iliotumia njiani, halafu inajua iko wapi. Zamani Wamarekani waliharibu sauti ile kwa kusudi, sababu ilikuwa kitu ya jeshi. Raia wa kawaida aliweza kukosea karibu metre 100. Tarehe 1 ya mwezi wa 5, mwaka 2000, Rais Bill Clinton alitangaza kama wataacha kuiharibu. Usiku uleule masini za watu wote zikaanza kuona vizuri zaidi ya zamani.

Siku mbili nyuma, tarehe 3, mutu mumoja jina lake Dave Ulmer alitaka kupima kama ni kweli. Alichukua ndoo nyeusi, akaiweka porini karibu na Beavercreek, katika Oregon. Ndani yake alitia vitabu, vitu vingine vidogo, hata kopo la maharagi. Halafu akatangaza namba za pahali pale kwa wenzake wa GPS. Sheria yake ilikuwa fupi: ukitwaa kitu, uache kitu. Bila kukawia Mike Teague alifika, akaiona. Katika mwezi ule mutu mwingine, Matt Stum, aliupa muchezo jina: jeokashingi. "Jeo" ni neno la Kigriki, maana yake dunia. Na lile la pili sisi tunalijua kwa Kifaransa: ni "cache", pahali pa kuficha. Wawindaji wa zamani wa Amerika ya kaskazini waliita hivi pahali walipoficha chakula chao. Leo visanduku hivi vimepita milioni 3 duniani.

MASHAURI YAO

Nilipenda kusikia ginsi wanavyoshauriana wao kwa wao. Wanasema hivi:

Ukikaribia kabisa pahali, tia masini mufukoni, tumia macho. Masini inaweza kukosea metre kadhaa. Toka pale ni wewe mwenyewe. Tafuta kile ambacho hakikuzaliwa pale: jiwe lililokaa vizuri sana juu ya jiwe, vijiti vilivyopangwa sawasawa, ganda la muti lisilo la muti ule.

Ujiulize: kama ni mimi ninaficha, ningeweka wapi?

Chukua biki yako, maana ile ya ndani inaweza kukauka. Chukua maji na viatu vizuri. Uache neno nyumbani kama unaenda wapi na utarudi saa ngapi. Usiende peke yako pahali pa hatari. Kila kisanduku kiko na namba mbili, toka 1 mupaka 5: moja inaonyesha uzito wa kutafuta, ya pili uzito wa njia. Mwenye busara anasoma namba kabla ya kufunga viatu.

Kama watu wasiojua muchezo wanapita, ungoje. Usiwaonyeshe, wasije kukibeba ao kukiharibu.

Ukifungua, andika jina na tarehe. Ukitwaa kitu, uache kingine cha bei ileile ao zaidi. Funga vizuri, maji yasiingie. Rudisha palepale ulipokikuta, si pahali wewe unaona ni pazuri zaidi. Njiani ukiona takataka, uziokote. Chakula hakiruhusiwi ndani, sababu nyama wa pori watavunja. Basi lile kopo la maharagi la siku ya kwanza, leo lingekatazwa!

Na sheria moja ilinichekesha mimi mukaaji wa inchi ya migodi: ni marufuku kuzika kisanduku. Hakuna anayepaswa kuchimba. Kitu kinafichwa, lakini jembe linabaki nyumbani.

USO UNAOSIKITIKA

Sasa ninafika kwa neno lenyewe.

Mutu akienda na kukiona kisanduku, anaandika: "Nimepata." Kwenye karte yake inatokea alama ya uso unaocheka. Lakini mutu akitafuta saa mbili, akageuza mawe yote, akarudi mikono mitupu, wanamushauri aandike pia: "Sikupata." Inatokea alama ya uso unaosikitika, rangi ya bulu.

Wengi hawapendi kuandika hivi. Haya inawashika. Lakini wenye mazoea wanawaambia: kaka, dada, andika! Kwa sababu gani? Kwa sababu "sikupata" yako inasaidia wengine. Watu watatu ao wane wakiandika hivi, mwenye kisanduku anajua pengine kimepotea ao kimebebwa na maji, anaenda kutazama. Na mutu wa sita hapotezi siku yake bure. Lakini wote wakinyamaza, kila mutu atapotea peke yake pahali pale pale.

Nilipofika hapa niliacha kucheka, maana nilimukumbuka mama mumoja wa kusanyiko letu.

NENO LA MAMA

Sitataja jina lake. Amenipa ruhusa kuandika maneno yake. Mume wake aliondoka wakati wa kiangazi, miaka mitatu imepita, kwenda kuchimba. Aliaga akisema: "Noeli nitarudi na mabati ya nyumba." Noeli ilifika, mabati hayakufika, na yeye hakufika. Alituma feza mara mbili, halafu kimya. Majirani walisema alikufa ndani ya shimo. Wengine walisema ameoa kule. Shofere mumoja wa kwetu alimuona. Hakufa, hakuoa. Iko na deni kwa yule aliyemupa chakula na vyombo vya kuchimba, na kila mwezi anasema mwezi ujao utakuwa muzuri. Hataki kupita mulangoni kwake mikono mitupu.

Mama yule alikaa mbele yangu, akaniambia:

– Pasta, miye sikuolewa na mabati. Angerudi tu, aseme: "Sikupata." Ningepika bukari na sombe, tungekula na batoto, kesho tungetafuta ingine. Ile kunyamaza njo inaniua.

Wanaume, musome tena maneno yale. Tunafikiri aibu ni kurudi bila kitu. Muke na watoto hawaoni hivi. Kwa watoto, baba aliyerudi bila kitu ni baba. Baba asiyerudi ni kiti kitupu tu.

Na haya ile inaleta hatari kubwa. Mutu mwenye haya anaingia shimo ambalo wenzake wamelikimbia. Anaingia wakati wa mvua, udongo umelowa, anajua kabisa kama unaweza kubomoka. Anaongeza deni moja kulipa deni lingine. Si tamaa peke yake inayomusukuma. Mara nyingi ni kuogopa kusema neno moja.

PETRO ALISEMA

Fungueni Luka sura ya 5. Petro na wenzake walikuwa watu wa kazi, walijua ziwa lao. Walitupa nyavu usiku muzima. Asubuhi Yesu akawakuta wanasafisha nyavu. Petro hakusema: "Tulipata kidogo." Hakusema: "Samaki ziko njiani." Mbele ya wenzake wote alikubali kama walitaabika usiku kucha na hawakushika hata moja. Ni nyuma ya neno lile nyavu zilijaa. Musikose kuona: Yesu hakumucheka, alipanda katika chombo chake.

Lakini mutu akisema Mungu atamujaza kila anayekiri, mimi sitasema hivi. Sijui nyavu zako zitajaa lini. Ninajua tu kama Bwana hakumukataa mutu wa mikono mitupu, basi nyumba yake na kanisa lake wasimukatae.

KOSA LANGU

Hapa ninapaswa kujilaumu mwenyewe. Miaka mingi, siku ya ushuhuda, nilimusimamisha nani mbele ya kanisa? Aliyepata kazi. Aliyepata viza. Aliyenunua kiwanja. Tulipiga makofi, tukaimba. Yule ambaye hakupata alibaki kwenye benchi ya nyuma. Siku ya tatu hakuja tena. Kumbe miye mwenyewe niliwafundisha watu kuficha.

Tulizungumza na wazee wa kanisa, tukakubaliana: nyuma ya ushuhuda wa "nimepata", tutatoa nafasi ya "sikupata". Siku ya kwanza kulikuwa kimya kikubwa. Nilianza kuona haya miye mwenyewe. Halafu shemasi mumoja mzee akasimama: "Nilitafuta kazi ya ulinzi mwezi muzima. Sikupata." Akakaa. Kijana mumoja akasimama: "Egzameni ya Serikali, sikupata." Baba mumoja akasema: "Kule tulikochimba, sikupata, nimerudi na deni."

Hakuna aliyepiga makofi, lakini angalieni kilichofuata. Mwalimu mumoja wa hesabu alimufikia kijana mulangoni, sasa wanasoma pamoja kila siku ya posho. Na vijana wawili waliokuwa wamefunga mizigo kwenda kuchimba pale pale, waliposikia habari ya deni lile, walifungua mizigo. Njo ule uso unaosikitika, unafanya kazi yake.

VIJANA, NA MUCHEZO?

Najua mutaniuliza: "Pasta, na sisi tucheze?" Ndiyo, lakini kwa akili. Inchi yetu si Oregon. Kutembea na masini na kugeuza mawe ndani ya eneo la kampuni ya migodi, walinzi hawatakuuliza kwa upole. Basi mucheze katika kiwanja cha kanisa ao cha masomo, na ruhusa ya wakubwa. Twaeni kopo linalofunga vizuri, mutie kaye, biki na zawadi ndogo. Kama hakuna GPS, muandike hatua: toka mulango mukubwa, hatua 40 upande wa jua linapotokea, halafu 15 kuelekea muembe. Musifiche karibu na mashimo ya zamani, njia ya treni, wala waya za umeme. Musichimbe. Na ile kaye iwe na upande mbili: kule "nimepata", huku "sikupata". Anayeandika upande wa pili asichekwe. Mutoto aliyezoea kuandika neno lile kwenye muchezo, siku moja atajua kulisema nyumbani kwake.

Kwa wake na wazazi, neno moja: kabla hajaondoka, mwambie, "Hata ukikosa, urudi." Na akirudi, usimuulize mifuko kwanza. Muulize kama amekula.

Yule shofere alibeba sauti ya mama ndani ya telefone yake, na sauti za watoto watatu. Mupaka leo ninapoandika, baba hajarudi. Alisikiliza mara mbili, alisema shofere, kisha akaomba kusikiliza tena.

Ndugu, kama gazeti hili linakufikia kule kwenye kariere, ujue: kwako wanapika bado sahani yako. Andika neno moja tu. Sisi wengine tutasaidia yanayobaki.

Bwana awalinde. Tutaonana mwezi ujao.