Kabla Hujamwita Fundi wa Kiyoyozi

Sisi tunaokaa Dar es Salaam tunaujua mwezi wa Februari. Usiku unaingia lakini joto halitoki, shuka zinalowa jasho, na watoto wanahama kitandani kwenda kulala sakafuni. Siku hizi nyumba nyingi za kawaida zina kiyoyozi walau katika chumba kimoja, wala hatukioni tena kuwa ni kitu cha anasa tu. Penye mtoto mchanga, mzee, au mgonjwa aliyetoka hospitali, kiyoyozi kikigoma usiku wa joto mama wa nyumba hapati usingizi.

Kwetu kiligoma wakati mama mkwe amekuja kuuguzwa. Ni mtu mzima mwenye sukari na presha, na chumba chake kinapigwa na jua la alasiri. Kiyoyozi kikawa kinapuliza hewa ya uvuguvugu. Tukamwita fundi, naye akakizima, akazunguka nje na ndani kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama, gesi imekwisha." Akaongeza gesi, tukamlipa. Kikapoa. Baada ya majuma machache hali ikarudi ile ile, akaja tena, na gesi ikaongezwa tena. Fedha tulizotoa mara hizo mbili zingetosha mboga ya nyumba nzima kwa mwezi.

Mara ya tatu fundi yule hakupatikana, tukamwita kijana wa mtaa wa pili. Huyu hakuja hata na mtungi. Alifungua mfuniko wa mbele, akachomoa chujio la hewa, akatuonyesha. Lilikuwa limevaa vumbi kama blanketi! Tulilisuuza bombani, likakauka, na jioni ile chumba kikapoa. Tuliona haya, maana sisi wauguzi ndio tunaowafundisha wenzetu usafi kila siku.

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza kiyoyozi kinafanyaje kazi. Kumbe hakitengenezi baridi. Kinachukua joto la chumbani na kulitupa nje, na kinachobeba joto hilo ni ile gesi inayozunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa pande zote. Gesi hiyo haichomwi wala haitumiki kama mafuta ya taa. Inazunguka tu, mwaka hadi mwaka, kama damu katika mishipa. Sasa, mgonjwa akiletwa damu yake imepungua, hatumwongezei chupa moja na kumrudisha nyumbani bila kuuliza anavuja damu wapi. Hali kadhalika, gesi ya kiyoyozi ikipungua, pana tundu mahali fulani. Fundi anayeongeza gesi kila msimu bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kile kile mara nyingi. Tena gesi ikizidi kipimo, nayo huidhuru mashine.

Kwa hiyo, mama, kabla hujapiga simu, anza na yale unayoyaweza mwenyewe.

Kama hakiwaki kabisa, angalia kwanza kama LUKU ina uniti, kisha swichi ya ukutani, kisha ile swichi ndogo ya kwenye boksi la umeme ambayo mafundi huiita breka. Ikiwa imejikata, irudishe mara moja tu. Ikijikata tena, iache hivyo hivyo, maana inakuambia kuna hatari. Penye harufu ya kuungua, au ukutani pamekuwa pa moto, zima kwenye boksi na usiguse kitu kingine. Hilo ni la fundi.

Rimoti nayo imewatia wengi gharamani bure. Badilisha betri kwanza. Ukitaka kujua kama inafanya kazi, ielekeze kwenye kamera ya simu yako na ubonyeze kitufe. Kwa simu nyingi utaona kitaa kikimulika kwenye kioo cha simu, ingawa kwa macho matupu hakionekani. Kisha tazama alama iliyochaguliwa. Ile ya chembe ya barafu, yenye ncha nyingi kama nyota, ndiyo ya kupoza. Tone la maji ni la kupunguza unyevu, jua ni la kupasha joto, na feni hupuliza hewa tu. Watoto wakichezea rimoti wanaacha kwenye feni, na mama anadhani mashine imekufa. Hakikisha pia kwamba nyuzi ulizoweka ziko chini ya joto la chumba. Na ukikizima na kukiwasha, au umeme ukikatika na kurudi, ngoja kama dakika tatu au zaidi kidogo kabla ya kukihukumu, kwa sababu mashine nyingi huchelewesha kompresa ili isiumie.

Sasa tuje kwenye chujio. Zima kwenye swichi ya ukutani. Inua mfuniko wa mbele wa sehemu ya ndani, utaona nyavu mbili nyembamba, zichomoe taratibu. Zisuuze kwa maji ya kawaida, ukielekeza maji upande wa nyuma ili vumbi litoke lilikoingilia. Zikiwa na mafuta ya jikoni, tumia sabuni kidogo ya vyombo na brashi laini. Usitumie maji ya moto, na usizianike juani zikajikunja. Ziache kivulini zikauke kabisa. Wakati wa joto, sisi tunafanya hivyo kila baada ya majuma mawili, na tarehe tunaiandika kwenye kalenda ya jikoni. Anayekaa karibu na barabara ya vumbi huenda akahitaji kufanya kila juma.

Chujio likiziba, hewa haipiti ya kutosha, na vile vibati vyembamba vya ndani hupoa kupita kiasi hadi maji yanaganda juu yake. Ukiona barafu, usiikwangue kwa kisu, utatoboa bomba. Acha kupoza, weka kwenye feni peke yake, tandika taulo chini, na usubiri saa kadhaa iyeyuke. Ndicho kilichotupata sisi. Fundi wa kwanza alipokizima muda mrefu barafu iliyeyuka, kikapoa kwa siku chache, nasi tukaisifu gesi yake. Lakini kama chujio ni safi na barafu inarudi, hapo huenda gesi kweli imepungua, na fundi anahitajika.

Toka nje pia. Sehemu ya nje ndiyo inayotupa joto, nayo inahitaji kupumua. Tumeona viyoyozi vilivyozungukwa na ndoo, mbao, miti ya maua, hata nguo zilizoanikwa juu yake. Ondoa vyote, fagia majani, tazama kama feni yake inazunguka. Lakini usifungue kasha lake, hata kama umezima umeme, kwa maana ndani mna kifaa kiitwacho kapasita ambacho hutunza umeme na kinaweza kumpiga mtu baada ya swichi kuzimwa. Na umwonye baba wa nyumba pia, hasa yule anayependa bisibisi.

Maji yakidondoka ukutani ndani, mara nyingi ule mpira wa kutoa maji nje umeziba kwa utelezi, vumbi au wadudu, au umejikunja. Unyooshe, na ncha yake ya nje isizame ndani ya ndoo yenye maji.

Ukimaliza hayo yote, funga madirisha, vuta pazia upande wa jua, washa na usubiri robo saa. Pima joto la hewa inayoingia juu ya mashine na ile inayotoka chini, kwa kipimajoto cha chumba. (Si kile cha homa, kile huanzia nyuzi 35 hivi na hakitakufaa.) Tofauti ikiwa kama nyuzi 8 au zaidi, kiyoyozi kinafanya kazi, na tatizo lako huenda ni jua, mlango unaofunguliwa kila mara, au chumba kikubwa kuliko mashine. Tofauti ikiwa ndogo, mwite fundi, wala usiendelee kukiwasha usiku kucha ukitumaini. Kile cha BTU 12,000 hula karibu uniti moja kwa saa kompresa ikifanya kazi mfululizo, kipoze kisipoze, wakati feni ya wati 60 hukaa zaidi ya saa 16 kwa uniti hiyo hiyo.

Mgonjwa naye asisubiri fundi. Mhamishe chumba chenye upepo, mpe maji kidogo kidogo kama haruhusiwi mengi, mfute mwili kwa kitambaa chenye maji na umwelekezee feni. Mzee akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akalegea, au mwili ukawa wa moto sana, hiyo si homa ya kungoja asubuhi. Endelea kumpoza kwa maji njiani mkienda hospitali. Mtoto mchanga, hata kiyoyozi kikiwa kizima, asilale penye upepo wake. Nyuzi 25 au 26 zinamtosha.

Unapompigia fundi, mweleze ulichofanya: chujio limeoshwa, feni ya nje inazunguka, barafu ipo au haipo. Mwambie pia aina ya gesi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha sehemu ya nje, kama R22, R410A au R32. Haziingiliani, na R32 inaweza kushika moto, hivyo asivute mtu sigara karibu. Akija na kusema gesi imepungua, mwombe kwa heshima akuonyeshe geji yake, kisha akuonyeshe inapovuja. Wengi hupaka povu la sabuni kwenye maungio, na penye tundu povu hutoa malengelenge. Gesi ijazwe baada ya tundu kuzibwa, tena kwa kupimwa kwenye mizani. Yule kijana wetu alipokuja mwaka uliofuata kwa huduma ya kawaida, tulimwuliza maswali hayo yote, naye akacheka, "Mama, nyie mmeshakuwa mafundi." Akapaka povu, hakuona malengelenge, akatutoza gharama ya kuosha tu.